Vioo Viwili Visivyo na Namba

Kwa miaka kumi na tisa Mutinda hakuwahi kuandika namba ya kioo cha darubini kwa wino. Kila mtu katika maabara ile ndogo ya hospitali karibu na Msambweni alilijua neno lake: spiriti hula wino, haili penseli. Lakini Jumanne ile ya mwaka 1998, kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe wa shingo ya mkewe, Kaindi, kilipomfikia mezani, aliikandamiza penseli mno, ncha ikavunjika, naye akachomoa kalamu ya wino mfukoni.

Vioo vilikuwa viwili: cha Kaindi, na cha Bi Kahaso wa Tiwi, aliyelazwa wodini kwa uvimbe kama huo. Akavipasha moto ili nyuzi za DNA ziachane, akadondoshea rangi inayoshika telomea, yaani zile ncha za kromosomu, kisha akaviosha kwa spiriti. Alipovitoa, namba zote mbili zilikuwa zimefutika.

Alizima taa, akainamia darubini. Katika kioo kimoja, nukta za kijani zilikuwa sawasawa kama ufuta uliopepetwa. Katika cha pili zilikuwa zimefifia, nyingine hazionekani kabisa, na seli zimesongamana ovyo. Aliijua sura hiyo: ya saratani.

"Kipi cha nani?" akauliza Mbodze, mkuu wake.

"Sijui."

"Wewe? Mzee wa penseli?" Alicheka, kisha akamwona uso, akavuta kiti karibu.

Mutinda alijisikia akiomba moyoni: Mungu wangu, kiwe cha Kahaso. Akatoka nje kunawa uso. Bi Kahaso alikuwa ametoka wodini, ameketi kwenye benchi, akimenya chungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jasho hivyo? Hiyo mashine yenu inauma?" Akamnyooshea kipande. "Haya, kula."

Hakuweza kukipokea. Alirudi ndani.

"Kuna nyama iliyobaki kwenye barafu," alimwambia Mbodze. "Kata upya, uandike wewe. Mimi nisiguse."

Mbodze akachonga penseli. Kesho yake mchana aliangalia yeye kwanza, na alikaa kwenye darubini muda mrefu mno.

"Kilichofifia ni cha Kaindi, kaka. Huu ni utafiti tu, hukumu ni ya daktari. Lakini mpeleke leo."

Mutinda akachukua koti lake. Nje, Bi Kahaso alikuwa palepale.

"Leo utakula chungwa langu?"

Alikipokea kipande kwa mikono miwili, akashindwa kumtazama usoni.