Shangazi Tupokigwe Arudi Majini

Baba alikataa kwenda. Mwaka uliopita alisimama ufukweni Matema akamwona dada yake Tupokigwe, bingwa wa kubeba vyungu kwa mtumbwi, akipinduka na mzigo wa kijiji kizima huku watu wakicheka. Sasa habari zilikuwa zimetufikia kwamba shangazi atashindana tena. "Nenda wewe," aliniambia. "Kicheko kile mimi sitaki kukisikia mara ya pili."

Alfajiri niliondoka Mwaya, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya mpunga. Njiani askari wa Mdachi alinisimamisha.

"Wewe! Unaikimbia kazi ya barabara?"

"Hapana, bwana. Nakwenda Ikombe kumwona shangazi akishindana."

"Ah, yule aliyewagawia samaki vyungu! Pita, umsalimie."

Nilipita, masikio yakiniwaka.

Jua lilipopanda nilivushwa Mto Lufilyo, nikaufuata mchanga hadi Matema, na huko nikapata mtumbwi wa kwenda Ikombe. Upande wa mashariki milima inashuka moja kwa moja ziwani, kana kwamba ilikuja kunywa maji ikanogewa, ikabaki. Chini yake ndipo wanapoishi Wakisi, jamaa za mume wa shangazi, na kila ua una vyungu vinavyokauka.

Jioni nilimkuta shangazi akipasua majani makavu ya migomba ya kupangia mzigo.

"Ugonile, shangazi."

"Ndaga, mwanangu. Baba yako yuko wapi?"

"Amebaki."

Akaendelea kupasua majani. Baada ya kula ndipo aliponieleza. Kila mshindani hujaza mtumbwi wake vyungu na kuupeleka Matema. Anayefika kwanza, vyungu vyake vyote vikiwa vizima, hupewa mizigo ya wanawake wa Ikombe msimu mzima. Mwaka jana, kwa majivuno, alipanga vyungu safu tatu kwenda juu. Upepo wa mlimani ukamaliza kazi.

"Nikishindwa kesho," alisema, "nitabaki nchi kavu nikifinyanga, wengine wabebe."

Asubuhi wanawake waliteremka na vyungu vyao, wakampita, wakavipeleka kwa Subilaga, binti mwenye mabega mapana aliyeshinda mwaka jana shangazi alipopinduka. Jirani mmoja tu, Atupele, ndiye aliyesimama mbele ya shangazi na chungu kikubwa cheusi.

"Chukua. Hiki nilikuwa napikia maharage yanayomkera mume wangu. Kikizama, nyumba yangu itapata amani."

"Kitafika, na mumeo ataendelea kuteseka," shangazi alijibu. Wanawake wakacheka, naye akacheka zaidi yao.

Nafasi iliyobaki aliijaza vyungu vyake mwenyewe, alivyovifinyanga msimu mzima wa mvua wakati wenzake wakidhani analia. Alivipanga safu mbili tu.

Niliwafuata katika mtumbwi wa wavuvi. Subilaga alitangulia mapema, kafi lake likikata maji kwa haraka. Tulipofika katikati ya njia upepo ulishuka mlimani, ziwa likakunja uso. Subilaga hakupunguza mwendo. Aliyakata mawimbi kiubavuubavu. Shangazi aligeuza mtumbwi ukayakabili mawimbi, akapiga magoti, akatulia. Nilitaka kupiga kelele: piga kafi, unaachwa! Mvuvi aliyekaa mbele yangu akasema, "Mwache. Mwaka jana hakujua kusubiri." Upepo ulipolegea, shangazi akaanza kupiga kafi taratibu, kama mtu anayetwanga.

Mchana, Subilaga alikuwa amekwisha fika Matema, watu wakimshangilia. Lakini wanunuzi, akina mama kutoka Makwale waliokuja na mchele na ndizi, hawashangilii mapema. Walianza kugonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima huvuma. Chenye ufa hutoa sauti nzito na kukoma. Vyungu vitatu vya Subilaga vilikoma. Viligongana mawimbini.

Kisha wakamgeukia shangazi, aliyekuwa amefika nyuma ya Subilaga. Waligonga kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilivuma. Walimalizia na cha Atupele; nacho kikavuma kuliko vyote.

Subilaga ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika mkono. "Mama, umenichapa kwa kukaa kimya," alisema.

Kesho yake nilirudi Mwaya kwa maji, katika mtumbwi wa shangazi, kwa kuwa wanawake wa Ikombe walikuwa wamempa vyungu ambavyo havikuuzwa Matema avipeleke soko la kwetu. Nilikaa nimekunja miguu hadi kidevuni. "Usiegemee hapo," alinionya kila mara. Nilizoea kudhani bingwa ni yule asiyeanguka. Safari ile ilinionyesha mtu aliyeanguka mbele ya wote, akakaa na anguko lake mpaka akalielewa, kisha akarudi kwenye maji yale yale.

Baba alikuwa ufukweni. Aliingia ziwani hadi magotini, akashika ncha ya mtumbwi, akautazama mzigo.

"Vyungu vya nani hivi?"

"Vya Ikombe nzima," alisema shangazi. "Shika vizuri, kaka."