Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Mlinzi wa mlango wa supamaketi alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini lilikuwa limekaa bure kwa muda mrefu. Watu walimwita Bwana Fungua, maana hilo ndilo neno alilomwambia kila mteja aliyetoka na mkoba, awe mnene wa cheo au mtu wa kawaida. "Fungua." Mkoba ukafunguliwa, akachungulia, akapapasa, akagonga mhuri kwenye risiti kwa kishindo cha hakimu. Imani yake ilikuwa moja: binadamu wote ni wezi, ila wengine hawajapata nafasi.

Kila wageni walipokuja nyumbani, alikuwa na kisa chake. Mwanamke mmoja alianguka pale mlangoni, akatikisika mwili mzima, mate yakamtoka. Wenzake walikimbilia maji, yeye akakimbilia mkoba. "Nikawaambia, ngojeni kwanza! Wanajifanya hawa! Nikaukagua mpaka kwenye bitana." Hakukuta kitu, lakini kipande hicho alikiruka. Badala yake alijitupa kwenye zulia, akaigiza ule mtikisiko, miguu juu, na wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe, fundi wa kushona, kila kisa kilipofika hapo alikumbuka ameacha kitu jikoni.

Siku moja kifungo cha shati lake la kazi kilikatika. Mkewe alikuwa ametoka kupeleka gauni la mteja, basi mwenyewe akafungua kopo la vifungo lililokaa kando ya cherehani. Chini kabisa akakuta kifurushi cha kitambaa, na ndani yake vidonge vyeupe. Havina pakiti, havina jina.

Mtu mwingine angeuliza. Huyu, aliyeshinda akiwauliza watu asiowajua habari za ndani ya mikoba yao, hakuthubutu kumuuliza mkewe swali la maneno mawili. Alimpenda mwanamke yule kupita alivyojua kusema, na aliogopa kuambiwa kwamba hatakiwi tena, au kwamba kuna mwanamume mwingine. Hakutaka kujua, na papo hapo hamu ya kujua ilimtafuna. Akaenda kwa dada yake mkubwa, mwanamke mwenye majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa.

"Vyeupe?" dada akauliza.

"Vyeupe."

"Basi ni vya kukupumbaza. Anakutilia kwenye chai. Wewe hujioni? Juzi nilikukuta unafua."

"Dada, nilikuwa nafua soksi zangu."

"Ndivyo inavyoanza, mdogo wangu."

Kazini walikuwa na mtego wao. Ukishuku kwamba mfanyakazi kaficha mali stoo, humuulizi. Unaiondoa kimyakimya, kisha unakaa pembeni kutazama nani atakuja kuitafuta. Atakayehangaika ndiye mwenye mzigo. Bwana Fungua akakitia kile kifurushi kwenye mfuko wa shati lake la kazi, akashona kifungo chake kwa mkono wa mtu anayelipiza kisasi, akangoja.

Jioni mkewe akafungua kopo. Yeye alikuwa nyuma ya gazeti, jicho moja nje. Akaviona vidole vikichakura vifungo, vikasimama, vikachakura tena. Kisha kopo likafungwa. Mwanamke akajua nani kavichukua, maana nyumba ile haikuwa na mtu wa tatu wa kushukiwa. Akangoja aulizwe. Mume naye akangoja aambiwe. Siku zikapita hivyo, wakipitishiana chumvi mezani kwa adabu ya watu waliokutana benki. Mke akaanza kusawajika, akawa anajichoma vidole kwa sindano. Mume akaona, akajiambia: Ehee, hatia inamla huyo.

Mwishowe mwanamke ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Adhuhuri moja akamfuata mumewe kazini, mlangoni pale pale, wateja wamejipanga na mizigo yao.

"Mume wangu, nimekuja tuzungumze. Vile vidonge..."

Mtego umenasa! Lakini badala ya furaha, Bwana Fungua alipatwa na hofu, na ulimi wake ukakimbilia neno pekee ulilolizoea.

"Fungua mkoba kwanza."

Mkewe akamtazama kama hajawahi kumwona. Akafumbua mdomo kujibu, macho yakageuka, akaanguka chini, akatikisika mwili mzima.

"Bwana Fungua!" keshia akapaza sauti kutoka kwenye mashine yake, asijue aliyeanguka ni nani. "Kagua mkoba! Si ulitufundisha kwamba wanajifanya?"

Watu wakacheka. Mteja mmoja, nesi aliyekuwa bado na sare, akawasukuma akapiga magoti. "Mlazeni ubavu. Msimtie kitu mdomoni." Bwana Fungua akainama kusaidia, na kifurushi kikachomoka kwenye mfuko wa shati. Vidonge vikatawanyika sakafuni. Nesi akaokota kimoja, akakigeuza kusoma alama.

"Hii ni dawa ya kifafa. Ya nani?"

"Yake."

"Mbona iko mfukoni mwako?"

Msururu mzima ukamtazama, kila mtu na mkoba wake mkononi. Alikuwa amewakamata wengi mlangoni pale, ila hakuwahi kujua uso unavyowaka.

Mkewe alipopata nafuu, wakiwa wamerudi nyumbani, Bwana Fungua aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulishanijibu. Kila wageni wakija, unanijibu hapo kwenye zulia."

Bwana Fungua alilia, na alistahili kulia. Mkewe hakumbembeleza. Vidonge vikahamia mezani, kando ya chumvi, na kila jioni mlinzi akifika nyumbani alijigeuzia mifuko nje mlangoni, bila kuambiwa na mtu.

Siku moja wageni wakaja. "Bwana Fungua," wakasema, "hebu tupe kile kisa cha mwanamke aliyeanguka."

"Nimekisahau," akasema, akitazama zulia.

Mkewe alikuwa ameshainuka kwenda jikoni. Akarudi, akaketi, akakunja mikono mapajani.

"Simulia, mume wangu," akasema. "Leo nitakaa mpaka mwisho. Ila anza na mfuko wako."