Bia yangu nyeusi na wamama wa maombi

Mama mkwe amewapa wamama wa maombi bia yangu ya Ayalandi.

(Hii isifike kwenye grupu la kanisa, tafadhali.)

Nimetoka shifti ya kutunza wazee, miguu inawaka. Wiki nzima nawaza zile chupa mbili nyeusi nilizozifuata hadi mtaa wa Parramatta, huku ughaibuni, za kiwanda kidogo, zenye ladha ya kahawa na shayiri iliyoungua.

Nafungua mlango, wanaimba.

"Baba Neema," mama mkwe akaniambia, "malta yako, ile soda nyeusi, ilikuwa chungu. Tukaitia sukari."

Sukari, jamani.

Kanisani kwetu pombe ni mwiko, na kwaya naongoza mimi.

Mama mkwe akanimiminia iliyobaki. "Kunywa, umechoka."

Nikanywa.

Halafu wakaniombea nguvu za kuleta nyingine Jumapili, ya kanisa zima.

Mngefanyaje? Mimi nimeitikia amina.