Majani Aliyokunywa Mzee Kingori

Magdaline, mjane wa Theuri, hakuwa mganga, na aliyemwita hivyo alisahihishwa palepale. Alikuwa mwalimu. Lakini kwenye mpaka wa shamba lake kule Mweiga palikuwa na mutamaiyu, mzeituni wetu wa mwituni, na miaka ile ya sabini majirani walikuja kumwomba majani ya kuchemsha. Huyu koo, yule homa, wengi presha.

Aliwapa machache, baada ya kuwahoji kama watoto wa darasani. Mwenye mimba alirudishwa. Mwenye kumeza dawa za sukari alirudishwa. Mwenye vidonge vya presha hakufika hata mlangoni, kwa maana marehemu Theuri, aliyehudumia wagonjwa zahanatini maisha yake yote, alimwambia: jani hushusha na kidonge hushusha, ukivichanganya, mtu naye hushuka.

"Jani si hospitali," Magdaline alizoea kusema. "Hata likikusaidia, nenda upimwe."

Siku moja alikuja shemeji yake, Kingori, mdogo wa Theuri na mzee wa kanisa. Huyu alikuwa ameshuhudia mbele ya waumini kwamba Bwana amemponya presha, na vidonge amevitupa chooni. Watu walilia kwa furaha.

"Kama umepona, majani ni ya nini?" Magdaline alimuuliza.

"Ya kulinda uponyaji, shemeji."

"Unameza kitu kingine?"

"Ati nimeze nini? Si ulinisikia nikishuhudia?"

Akampa. Angemkatalia vipi ndugu wa mumewe, aliyebeba jeneza la Theuri?

Jumapili ya tatu Kingori aliinuka kutoka kwenye maombi, akayumba, akaanguka kati ya viti. Alipelekwa hospitali Nyeri. Magdaline alipokwenda kumwona, alimkuta muuguzi akimkemea: "Mzee, vidonge unameza kila asubuhi, halafu unaongeza miti shamba bila kutuambia?" Kingori aligeukia ukutani.

Magdaline alirudi nyumbani. Alingoja shemeji yake apone aseme mwenyewe, kwa maana kila mara alisema jina la familia lilindwe. Lakini Wangechi, mke wa Kingori, alikwisha kutangaza sokoni kwamba mume wake amelishwa sumu. Wazee wa kanisa wakamwita Magdaline.

"Ulimuuliza kama yuko na dawa ingine?" akauliza Gatimu, mwenyekiti wao.

"Nilimuuliza."

Gatimu akamgeukia Kingori, ambaye sasa alikuwa amepona na kuketi mahali pake pa kawaida. "Ulikuwa nazo?"

Kingori aliitazama kofia yake magotini. "Sikuwa na dawa yoyote."

Neno moja tu lingetosha. Lakini Magdaline alimwona Theuri katika ile pua na yale masikio ya Kingori, akafikiria watu wakisema nyumba ya Theuri inaumbuana kanisani. Akanyamaza. Wakamfungia meza ya Bwana, asipewe tena ushirika, yeye aliyewafundisha nusu yao kusoma.

Jioni hiyo Kingori alikuja na mkungu wa ndizi.

"Umetufunika, shemeji. Mungu akubariki." Kisha akashusha sauti. "Yale majani, yamebaki kidogo?"

Magdaline alimtazama mpaka akaweka ndizi chini.

"Bado unameza vidonge?"

"Si vingi."

Alivaa koti, akamwacha amesimama uani, akateremka kwa Wangechi. Alifikiri mwanamke yule hajui, na asiyejua ataamka siku moja karibu na maiti.

"Wangechi, mume wako anameza vidonge vya presha. Akichanganya na majani atakufa."

Wangechi aliendelea kumenya viazi. "Najua. Mimi ndiye ninayempa hivyo vidonge, kwa uji."

"Ulijua, na ukaniita muuaji?"

"Sasa ningesema nini, mwalimu? Kwamba mzee alidanganya mimbarini? Wewe ni mjane, huna cheo cha kupoteza. Sisi bado tuko na watoto wa kuozesha." Akatupa ganda. "Halafu si wewe husema jina la familia lilindwe?"

Magdaline alishika kiti, lakini hakukaa.

"Nililinda la Theuri," alisema. "Asinywe majani tena, na kesho mwende kwa daktari mkamwambie yote. Mimi nakwenda kwa Gatimu."

"Saa hii?"

"Saa hii. Kama mume wako anataka kusema mwenyewe, anifuate haraka."

Akatoka. Alipofika barabarani alisikia Wangechi akimwita Kingori kwa sauti kubwa, lakini hakupunguza mwendo.