Bomba liliganda Saint-Gilles, mke wangu akajua limepasuka kabla halijamwaga hata tone

Wakuu salaam.

Uzi huu nimetaka kuuandika siku nyingi, mke wangu ananizuia. Leo ameruhusu kwa sharti moja, nisitie chumvi. Kausoma kabla sijaupost, kafuta mistari miwili niliyokuwa najisifia mimi. Kwa hiyo kilichobaki ni kweli tupu.

Ilikuwa winter ya 2012, Brussels. Mimi nina mwaka wa saba huku, naendesha forklift kwenye ghala. Anitha, mke wangu, ana miezi mitatu tu tangu nimpokee.

Anitha ni mtu wa Makete. Wanaokujua kule wanajua mwezi wa saba umande unaganda kwenye majani. Na kwa taaluma ni fundi bomba. Kasomea chuo cha ufundi, kafunga mabomba ya shule na zahanati.

Sasa hapa nikiri kitu.

Alipofika nilimwambia asiitaje sana hiyo fani. Nikamtafutia kazi ya usafi. Washkaji wakiniuliza shemeji anafanya nini, najibu bado anajifunza Kifaransa. Nilijiambia namlinda. Ukweli ni kwamba niliona aibu kuwa na mke fundi bomba.

Tulipanga Saint-Gilles, ghorofa ya pili, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba vyumba. Chini yetu aliishi Maman Béa, Mkongo wa Lubumbashi, mama mtu mzima, mshonaji. Wiki hiyo alikuwa na magauni ya harusi ya watu wa kanisani kwao. Kwa kukosa nafasi alikuwa ameyatundika jikoni kwake, moja kwa moja chini ya jiko letu.

Jumamosi asubuhi nafungua maji jikoni nijaze birika. Yakaja kama uzi, yakakohoa, yakakata.

Nikasema wamekata maji.

Anitha akaenda bafuni, akafungua, maji tele. Akarudi akaniambia wangekuwa wamekata, yangekatika kote.

Akafungua kabati la chini ya sinki. Pale linapita bomba la shaba, limeegemea ukuta wa nje, na kwa vile kabati hufungwa muda wote, joto la heater halifiki. Bomba lilikuwa na unga mweupe wa barafu. Akalipitishia vidole taratibu, kama nesi anayetafuta mshipa. Mahali fulani akasimama, akaniita niguse.

Palikuwa pamevimba. Na kwenye uvimbe kuna mpasuko mwembamba, urefu wa kucha, ndani yake barafu inang'aa.

Mimi nikaona afadhali, si halivuji? Nikampigia landlord. Akasema tuongeze heater, litayeyuka lenyewe. Nikachukua birika, nikachote maji bafuni, niyachemshe nilimwagie tumalize haraka.

Anitha akanishika mkono.

"Halivuji kwa sababu barafu ndiyo imeziba," akasema. "Ukiyeyusha sasa hivi, maji yote yanashukia kwa Maman Béa. Tufunge koki kuu kwanza."

Wakuu, sikujua hata hiyo koki iko wapi. Na nyumba ile nimekaa miaka minne.

Tukashuka kumgongea Maman Béa, nikamweleza. Akamwangalia Anitha, siyo mimi, akamuuliza kama ana uhakika.

"Ndiyo mama," Anitha akajibu. "Mimi ni fundi bomba."

"Bon," Maman Béa akasema. "Alors, mi natosha manguo, we funga maji."

Akaanza kuyahamishia magauni chumbani, moja moja, huku akituelekeza kwamba koki iko kule chini ya nyumba, nyuma ya baiskeli za wapangaji.

Tukashuka, tukaikuta imekauka, haizunguki. Nikaikaza kwa nguvu zangu zote, ikagoma. Anitha akanisogeza, akaizungushia kitambaa, akaipeleka kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kuilazimisha, mpaka ikakubali. Kuna wapangaji wawili walikuja juu kwa kukosa maji. Kazi yangu ikawa kuwabembeleza kwenye ngazi.

Tukarudi juu. Akafungua bomba la sinki akaliacha wazi, akatega ndoo chini ya mpasuko, akachukua hair dryer yake. Akaanza kupasha kutokea upande wa sinki akirudi nyuma pole pole, akiishika mbali na ndoo. Dakika kama arobaini. Baridi yote ile, mimi natoka jasho.

Ukasikika mlio mdogo, kama kijiti kimevunjika. Maji yakamwagika kwenye mpasuko, yakalegea, yakawa matone.

Nusu ndoo. Basi.

Dari ya Maman Béa haikupata hata doa.

Mchana landlord akaja na fundi, Mbelgiji mtu mzima. Akachungulia kabatini, akagusa ule mpasuko, akauliza kwa Kifaransa nani aliyefunga maji kabla ya kuyeyusha. Landlord akanitazama mimi.

Nikasema, "Mke wangu. Ni fundi bomba."

Ndiyo mara ya kwanza naitamka mbele ya mtu Brussels.

Yule mzee akamsalimia upya, safari hii kwa mkono. Akamwomba amshikie bomba jipya wakati anaunga. Kifaransa cha Anitha hakikutosha hata kununua mkate, lakini wale wawili walielewana bila mkalimani. Mimi niliambiwa nipishe.

Kwenye harusi tulialikwa. Maman Béa akampitisha Anitha meza kwa meza, "Huyu njo fundi yetu," mimi nyuma nimebeba makoti. Sijawahi kubeba makoti kwa raha namna ile. Baadaye Anitha alisoma tena, akapata cheti cha huku, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake.

Nilichojifunza: maji yakikata sehemu moja tu wakati wa baridi kali, usiseme wamekata. Kagua bomba linalopita ukuta wa nje, angalia barafu, tafuta uvimbe. Na usilipashe kabla hujafunga koki kuu. La pili ni langu binafsi: usimfiche mtu wako.

Mlioko kwenye baridi, hasa wenye nyumba za zamani, yamewahi kuwakuta? Mlijuaje? Anitha yuko hapa pembeni, maswali ya kiufundi atajibu yeye. Ila kabla hujaandika comment, nenda kwanza ukajue koki yako iko wapi.