Vigingi Katikati ya Maharage

Mwaka wangu wa kujitolea nilipangiwa jembe. Wenzangu wawili walipewa kufundisha watoto kusoma, wengine wawili wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuzungumzia maji safi na kliniki ya wajawazito, na wote walirudi jioni na viatu safi. Mimi nilipewa mlima mmoja nje ya Giheta, nichimbe na wenyeji mitaro ya kukinga maji kabla ya mvua. Nilinung'unika siku mbili, kisha nikaupenda mlima ule kuliko nilivyotaka kukiri.

Kupima mtaro ni kazi tamu. Unafunga miti mitatu kwa umbo la herufi A, unaning'iniza jiwe kwa uzi, na uzi ukitulia katikati unajua miguu yote miwili iko usawa. Unapigilia kigingi, unasogea. Siku ya kwanza tulikatiza mashamba saba kwa vigingi. Kesho yake vigingi vya shamba la katikati vilikuwa vimeng'olewa na kupangwa njiani, vizuri kabisa, kama kuni za kuuza.

Tukavirudisha. Vikang'olewa tena. Shamba lilikuwa la mjane mmoja, na bila shamba lake mtaro usingefaa kitu: maji yangejikusanya pale ulipokatika na kuyafagia maharage yake na ya wote wa chini yake. Mawingu yalishaanza kuwa mazito. Mimi hasira zangu ziko karibu, siwezi kukataa. Mara ya tatu nilimfuata hadi uani nikaanza kufoka kwa Kirundi changu cha kuokoteza, maana nilikulia Tanzania. Alinisikiliza huku akichambua maharage, kisha akanihurumia, akahamia Kiswahili alichokipata kwa kuuza mazao miaka mingi mjini Gitega.

"Bon. We uko mutoto wa wapi?"

"Muyinga, mama. Tulirudi kutoka ukimbizini Tanzania."

"Nilijua. Vigingi mi nazijua. Watu ya serikali walikuja na kamba, wakapima shamba ya bwana yangu, nusu ikaenda kwa watu wenye walirudi kama nyinyi. Sasa we unapiga zingine katikati ya ile yenye ilibakia. Unataka mi nifikiri nini?"

Nilikuwa na maelezo tayari kuhusu udongo unaochukuliwa na maji. Badala yake nikakumbuka nyumbani. Kwetu Muyinga pia ilipita kamba kama ile, tukarudishiwa sehemu ya shamba letu la zamani. Siku hiyo baba alilia kwa furaha, mama akapika wali, nami nikacheza hadi miguu ikauma. Ng'ambo ya vigingi alisimama baba mmoja na wanawe, watu waliolilima shamba lile miaka yote tuliyokuwa mbali. Nilimwona kwa macho yangu, na sikumfikiria hata kidogo. Niliona aibu kubwa. Nikamsimulia mjane yote, bila kuficha hata ule wali.

"Na hao watu munasalimiana?"

"Hapana, mama."

Akatikisa kichwa, akakung'uta maganda kwenye kitenge, akainuka.

"Leta hiyo miti yako."

Aliitembeza ile A mwenyewe, polepole, na kila uzi ulipotulia alipigilia kigingi kwa jiwe. Hakutaka msaada. Mara mbili alinigombeza kwamba nasoma uzi kabla haujatulia, na kweli nilikuwa nawahi. Tulichimba siku nne. Mvua ya kwanza ilipokuja nilitoka nje nikalowa chapachapa kuutazama mtaro: maji yalijaa, yakatulia, maharage yakabaki mahali pake. Nilifurahi mno, nikapiga kelele peke yangu kule mlimani.

Mwezi uliofuata nilipewa siku chache za kwenda nyumbani. Sikumwambia baba. Niliamka asubuhi, nikavuka mpaka wa shamba letu, nikabisha hodi kwa yule baba wa ng'ambo. Alifungua mwenyewe, mvi zimemjaa kuliko nilivyokumbuka. Nikamsalimia kwa mikono miwili, nikasema mimi ni binti wa hapo jirani.

"Mumekawia," akasema, akanisogezea kigoda.