Kichwa cha Treni cha Babu

Nilipomkuta mwanangu amepiga magoti kwenye changarawe nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, jua la saa sita, uvumilivu wangu uliishia pale pale. Nilimwinua, nikamshika mkono, tukaingia. Sikubisha hodi. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka kakao niliyoiacha ikikauka mkekani bila mtu wa kuigeuza.

Mezani kulikuwa na kichwa chetu cha treni. Ni cha kuchezea, cha bati, kinajazwa kwa ufunguo. Babu yangu alirudi nacho kutoka machimbo ya Joni, Afrika Kusini, kabla ya Uhuru. Mwanangu, darasa la nne, alikipeleka shule kwa ajili ya somo la usafiri, na mwalimu wake wa darasa akaahidi kukirudisha Ijumaa. Wiki tatu zikapita. Sasa kilikuwa kijani, kinang'aa kama boti mpya.

"Shikamoo, mwalimu. Mtoto kafanya nini?"

"Marahaba. Binti yako mwongo, mama. Wageni waliotutembelea leo wameuliza hiki ni cha lini, yeye kasimama mbele ya shule nzima, ati cha babu wa mama yake, kimeizidi nchi umri. Watu wamecheka! Rangi yenyewe si unaiona? Hiki ni cha juzi, cha mnadani."

Mwalimu wa darasa alikuwa kwenye kona, anapanga madaftari yaliyokwisha kupangwa. Ukucha wa kidole gumba chake ulikuwa na rangi ya kijani.

"Rangi si umri," nikasema. "Mimi nikipakwa rangi nitarudi darasa la kwanza?"

Nikakipindua. Vya siku hizi ni plastiki, vina skrubu na kijumba cha betri. Hiki bati lake limeshikwa na vimasikio vilivyopenyezwa na kukunjwa kwa ndani. Nikatoa ufunguo wa kufuli la nyumbani, nikakwangua tumboni mpaka herufi zikatokea.

"Soma, mwalimu. Kimetengenezwa Ujerumani Magharibi. Nchi hiyo iko wapi leo? Historia nimesoma, hata kama nimeishia kidato cha nne."

"Labda wamenakili."

Nikakwangua gurudumu la nyuma. Zikatokea pembe mbili za ndovu kuzunguka tundu. Senti kumi ya mkoloni. Gurudumu lenyewe lilipong'oka, babu aliweka senti hiyo mahali pake.

Mwalimu wa darasa akapata sauti. "Basi tusome mwaka kwenye senti, ndio umri wake."

"Senti ni kiraka. Nani anapima umri wa shati kwa kiraka? Na siku alipokuletea, mtoto alikuonyesha hiyo senti. Alikuonyesha au hakukuonyesha?"

Mwanangu akamtazama mwalimu wake. Mimi nilitaka kumtia kofi mtu.

"Nilikipaka mimi," akasema mwalimu wa darasa. "Kilikuwa na kutu, na wageni wanakuja. Kaka yangu anapaka boti bandarini Itungi, rangi ilibaki."

Kumbe alisimama pale, akasikia mtoto anaitwa mwongo, akaona anapigishwa magoti, asiseme neno.

Mwalimu mkuu akakisukuma kwangu. "Ndaga, mama, asante. Chukua mali yako, yaishe."

"Mali nimechukua. Na jina la mtoto? Ameitwa mwongo mstarini, asafishwe mstarini."

"Shule haiwezi kumwomba radhi mtoto."

Sikurudi kwenye kakao. Nilikwenda moja kwa moja kwa Afisa Elimu Kata, nikaomba karatasi, nikaandika nikiwa nimesimama, na sikuondoka mpaka nakala yangu ilipogongwa muhuri:

"YAH: MWANAFUNZI KUITWA MWONGO NA KUADHIBIWA KWA KUSEMA KWELI. Mwanangu alieleza umri wa kichwa cha treni cha familia. Mwalimu aliyekipaka rangi bila ruhusa alinyamaza. Mwalimu mkuu ameujua ukweli na amekataa kuusema. Naomba wote wawili wauseme mstarini, mbele ya wanafunzi wale wale. Rangi sidai. Kielelezo ni kichwa cha treni kimoja, ambacho nimekuja nacho mkikague mbele yangu. Ofisini sikiachi."